Wali Alioukataa Mjukuu Wangu

Jumatatu, 2 Novemba

Lemia amerudisha fomu. Mjukuu wangu sasa ni mgombea kweli — kiti cha bunge la jimbo, mto wetu mzima, kutoka mdomoni hadi juu kwenye maporomoko. Hana chama. Alama yake ni ufunguo. Jirani yangu Jenti akaniuliza barazani, ufunguo wa nini, na nyumba yetu ndefu hii, familia nyingi paa moja, milango haifungwi? Nikamwambia ni wa zahanati, ile iliyofungwa, ambako Lemia huyohuyo, akiwa muuguzi, alikuzalisha kitinda mimba wako. Akaomba karatasi moja ya kampeni abandike mlangoni.

Mpinzani wake ni Mheshimiwa Nyandang. Huyo huja na boti ya kasi, akagawa mabati, akaondoka kahawa haijapoa.

Naogopa na nina furaha. Vyote pamoja, kama mwenye mimba.

Herufi hizi alinifundisha yeye. Akiwa mdogo alicheza mwalimu, na mwanafunzi hakuwa na mwingine ila mimi ambaye shule sikuiona. Nikikosea, kijiti cha ufagio. Mtoto kama huyo utamnyimaje kura?

Alhamisi, 5 Novemba

Mvua. Goti linauma. Lemia na Sibat, mwenye mtumbwi, wamekwenda nyumba ya Mzee Ranggau, kubwa kuliko zote huko juu. Hiyo ikikubali, zilizobaki zinafuata.

Ijumaa, 6 Novemba

Nina hasira! Sibat ndiye aliyeniambia. Lemia mwenyewe amejifunika shuka.

Kule kwa Mzee Ranggau mjane mmoja, Selaka, aliwaletea wali na kuku wa kupikwa ndani ya mwanzi. Lemia akachungulia chini ya sakafu, kati ya nguzo wanakolala kuku, akaona mjane hana kuku mwingine. Akasema ameshiba. Akashukuru, akaondoka. Hata kugusa hakugusa.

Puni. Mtoto wa kunyonya anaijua. Ukikaribishwa chakula na huli, gusa — ncha ya kidole tu, upeleke mdomoni. Ukikiacha hivihivi, balaa linakufuata njiani. Likawafuata. Kwenye maporomoko mtumbwi uligonga gogo, ukapinduka. Wao wazima, namshukuru Mungu. Vipaza sauti na karatasi vimekwenda na maji.

Watu wa Nyandang wanacheka, eti mto umeshapiga kura. Waache wacheke. Linaloniuma ni Selaka, kubaki na sahani mkononi mbele ya wenzake.

Lemia anasema alimwonea huruma.

"Huruma gani?" nikamwambia. "Maskini akikupa chakula, siku hiyo si maskini. Wewe umemrudishia umaskini wake."

Akalia. Nikamwacha alie, halafu nikamlisha uji kwa nguvu. Atake asitake.

Jumapili, 8 Novemba

Tumekwenda. Mimi na goti langu. Sibat alinibeba mgongoni hadi mtumbwini kama gunia la mpunga. Akasema Bibi umeongezeka. Nikamwambia hiyo ni heshima yangu, ina uzito.

Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi. Lemia akasema hapana, Bibi, mdomo uliokataa ni wangu. Basi nikaufunga wa kwangu. Kazi kweli.

Mzee Ranggau alikuwa ametandika mkeka barazani, akanyoosha mkono tuketi. Lemia akampita! Akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Selaka, akachuchumaa.

"Mama, nimekuja kula."

Selaka alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho. "Kuku ameshaliwa. Kuna kiporo na chumvi."

"Nipe hicho."

Akala. Akamaliza. Akakwangua sufuria, akaomba tena. Baraza zima linasikia anavyotafuna. Mara Selaka akacheka hadi akashika mbavu. "Huyu akipata kiti atatumalizia ghala."

Wakacheka wote, ila Mzee Ranggau. Alikuwa peke yake na mkeka wake, na mabati mapya juu ya kichwa chake nayajua yalikotoka. Alisema tu tutaona siku yenyewe.

Lemia hakutaja kura. Alimpima Selaka presha, na wengine wakapanga foleni. Tukirudi alilala begani kwangu. Mzito. Ameshiba.

Jumamosi, 14 Novemba

Kidole changu cheusi kwa wino. Nimekaa kwenye ngazi za shule tunapopigia kura. Lemia yuko kituo cha chini, karibu na mdomo wa mto.

Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi nzima hakuna mtumbwi hata mmoja kutoka juu. Jenti akasema Ranggau amewazuia watu wake. Nikamwambia afunge domo. Lakini moyoni nilisema hivyohivyo.

Halafu injini. Nilizisikia kabla sijaziona. Mitumbwi mingi, mmoja nyuma ya mwingine, Mzee Ranggau mbele, uso wa jiwe. Selaka katikati, chungu mapajani, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa.

Wakaingia mmoja mmoja. Wakatoka vidole vyeusi, midomo imefungwa. Nikamuuliza Ranggau wazi, umempa nani? Akasema hata mke wake hamwambii. Mzee huyu!

Selaka akaniwekea chungu mapajani. "Safari hii kuku. Nimeazima. Mwambie asibakize."

Polisi akaja. Kijana wa mto huuhuu, masikio yake ni ya mama yake. Akasema leo chakula marufuku, mgombea kulisha wapiga kura ni kosa.

"Huyu ni mpiga kura, anamlisha mgombea," nikasema. "Hilo nalo lina sheria?"

Akafikiri. Akatazama chungu, akatazama wakubwa wake. Akagusa kifuniko kwa ncha ya kidole, akapeleka mdomoni, akaenda zake.

Sasa milango imefungwa, wanahesabu. Sauti ya karani naisikia, maneno siyapati. Mtumbwi wa Lemia haujaonekana. Watu wa Ranggau hawajaondoka — wamekaa chini ya miavuli na maturubai, wanangoja na sisi. Daftari nimeliweka juu ya kifuniko. Joto linapanda hadi mkononi.

Jenti anauliza kama tunaweza kuonja kidogo.

Nimemwambia aguse tu.