Kikombe cha Pili

Jumanne usiku

Ananidanganya? Mume wangu, nuru yangu?

Asubuhi nilifunga majani ya chai kwenye kifuko cha shashi, nikakichemsha ndani ya maziwa matupu na tangawizi hadi yakawa mazito. Akaninong'oneza, "Hakuna mwenye mkono kama wako." Nikayeyuka. Halafu akamimina kikombe cha pili, akakifunika, akatoka akinyata. Kama jana. Kama juzi.

Nani huyo anayenyweshwa chai yangu? Moyo ukiniuma, nikamfuata.

Hakwenda mbali. Alikiweka kwenye kizingiti cha mama yangu, akakohoa, akakimbia kabla mlango haujafunguka. Kwetu mkwe hamkabili mama mkwe akiwa na chakula mkononi. Lakini mama huyohuyo tangu harusi anakataa chai yangu, eti ni kinywaji kilicholetwa na Wajerumani!

Nikangoja kidogo, nikaingia.

"Shikamoo, mama. Nikuletee chai?"

"Marahaba. Hayo maji ya Wadachi? Mpe mumeo, mwanangu. Mimi sinywi."

Utando wa maziwa ulikuwa umemkaa juu ya mdomo kama sharubu.

Sasa nawashuku wote wawili, na sijawahi kumpenda mume wangu kama leo.