Nilitaka Dripu

Jumatatu, 9 Juni
Nimepima magunia arobaini na mawili ya mahindi. Baridi kali. Tumbo linakaza tangu asubuhi, nikadhani gesi. Mara ya tano nikaanza kutazama saa: kila dakika kumi. Mimba ya wiki thelathini na moja tu! Nimeacha mizani, nimepanda bajaji mpaka hospitali. Mume wangu Deus yuko Mpui na lori. Kama kawaida, niko peke yangu.

Jioni
Nimelazwa. Ni uchungu kweli, njia imeanza kufunguka. Nesi kaleta vidonge. Navijua! Ndivyo anavyomeza mama yangu kwa presha. Mimi sina presha. Nimekataa. Wifi yangu Sabina, mwaka juzi, uchungu ulimshika kwenye miezi saba, akatundikiwa dripu, ukatulia. Mwanawe sasa anakimbiza kuku. Yeye dripu, mimi kidonge. Kupunjwa ni kwangu tu. Nikasema nataka dripu.

Nesi: "Mama, dripu siyo pambo. Ngoja nikuitie daktari."

Daktari amenieleza. Nimemeza. Nusu saa imepotea kwa ubishi wangu.

Jumanne, 10 Juni
Niandike alivyosema, nisisahau. Dawa zote mbili zinalegeza mfuko wa uzazi. Ile ya dripu inakimbiza mno moyo wa mama. Hivi vidonge vinashusha presha na kuumiza kichwa, ndiyo maana wananipima kila mara. Nilimuuliza ipi inafikisha miezi tisa. Hakuna. Hata moja! Siku mbili, mambo yakienda vizuri. Nilitaka kulia. Akanionyesha sindano: hii ndiyo ya mtoto, ya kukomaza mapafu, nayo inahitaji muda. Hapo nikaelewa. Fuso likiishiwa nguvu mlimani, breki haifikishi mzigo sokoni. Inashikilia tu mpaka utingo aweke jiwe kwenye tairi.

Kichwa kinagonga. Uso moto. Tumbo sasa linakaza kila dakika ishirini.

Jumatano, 11 Juni
Sindano ya nne, ya mwisho, asubuhi.

Wifi kaja na uji wa ulezi. Kwanza maneno: mjamzito na mizani wapi na wapi. Nimekasirika, nikanywa uji wangu. Baadaye nikamuuliza dripu ile ilikuwaje. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Wifi, nilitetemeka kama mashine ya kusaga. Moyo ulitaka kutoka. Nilishawaaga wote kimoyomoyo."

Miaka miwili ananitambia dripu, hili hakuligusa.

"Ningesema, wewe ungekubali kuzaa?"

Mjinga huyu. Nimempenda ghafla.

Alhamisi, 12 Juni
Siku mbili zimepita. Tumbo limelegea. Vidonge vimesimamishwa. Deus amefika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi. Nimelia tu.

Jumapili, 22 Juni
Uchungu ulirudi juzi Ijumaa, safari hii hawakuuzuia: sindano zilishafanya kazi yake. Mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia nane. Alilia mwenyewe. Hewa anavuta mwenyewe, bila mashine. Nilimuuliza daktari mara tatu, akajibu mara tatu: mapafu yako vizuri.

Tunambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa zamu. Sasa ni zamu ya wifi. Amekaa wima, anaogopa hata kupiga chafya. Mimi nalala.