Maji ya Bomba la Murunga

Jumanne, 4 Machi 2025

Nimechota maji ya kupima kwa Murunga muuza maji, hapa hapa Kibera. Chupa sita. Dkt. Ndeti, mwalimu wetu chuoni, alitufundisha bomba lichomwe moto kwanza kuua wadudu wa nje, ndipo maji yatiririke. La Murunga ni la plastiki — nichome nini! Nikalipangusa kwa spiriti. Murunga akauliza kama nataka kuoa hilo bomba. Mjinga. Paipu yake inapita ndani ya mtaro wa choo na bado ana mdomo.

Alhamisi, 6 Machi

Sahani zangu zote za maabara ziko tupu. Hakuna kidudu hata kimoja! Za Eugene, mwenzangu aliyechota mtaa wa Kawangware 56, zimejaa madoa ya wadudu. Dkt. Ndeti amefurahi: kumbe Kibera wanakunywa maji safi. Safi gani? Hope, mdogo wangu, alikunywa ya bombani bila kuchemshwa, ameharisha wiki nzima! Nimempigia Mama simu kumwambia huo upuuzi. Nimeomba chupa nyingine, narudia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejua. Nimeweka chupa mpya mezani, Mama akazibeba kwenda kwa karai. "Hizi pia ziko na unga kama zile za juzi. Wacha nikuoshee."

Zile za juzi?!

Kumbe Jumatatu alizifungua zote akazisugua na jik, ile klorini ya kufulia. Ule unga mweupe chuo hututilia makusudi, uzime klorini isiue wadudu kabla hatujawapima! Ameutoa, akaacha jik. Wadudu wamefia ndani ya chupa zangu. Anasema hangeniacha nibebe chupa chafu hadi chuo, watu waseme kwa Mama Awiti ni uchafu tu. Nimemfokea, hata sikumweleza kuwa majibu yameharibika. Nikalia. Alitaka kunisaidia, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Dkt. Ndeti hataki kusikia habari ya kurudia. Ripoti imeshaenda, data ni data. Eugene naye: "Awiti, nyamaza tu, tumepita." Nyamaza! Yeye hanywi maji ya Murunga.

Nimeenda kwa Murunga. Foleni imefika hadi kwa fundi wa viatu, naye anaita wateja. "Maji imepimwa na chuo! Haina wadudu!" Na nani alimwambia? Mama! Amesimama mbele kabisa na mtungi wake, ananionyesha kwa kidole. "Huyo ndio msichana wangu. Ndio alipima." Wakanipigia makofi. Nikikanusha, lazima niseme nani aliosha chupa, mbele ya mtaa mzima. Nikafunga mdomo. Mimi!

Jumapili, 9 Machi

Mama ameacha kuchemsha maji. Eti makaa ya nini, na maji yamepimwa? Amealika jirani yetu Filister na akina mama wenzake wa kanisa, wote wamejaa hapa sebuleni, anawamiminia kutoka kwa mtungi huku akinisifu. Naandika kwenye kona ya meza kwa sababu nikiinua kichwa nitapasuka. Kikombe cha Hope kiko hapa mbele yangu. Amenyoosha mkono — nimefunika kikombe kwa wangu.

Filister ameshusha kikombe chake. Mama anauliza, "Awiti, nini tena?"