Mwezi Juu ya Koili

Mujukuu wangu Zaina,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, na bibi yako bado anatawala nyumba.

Unauliza kwa nini koili yako ya Tesla, ule mutambo wa radi ndogo, inafoka tu, hairushi cheche. Wakati wa vita, hapa mutaani Asiatique, nilitengeneza yangu ili baba ya bibi yako akubali posa. Juu ya kichwa cha koili, mupira laini wa alumini, nikapachika mwezi na nyota kama za musikitini. Umeme wote ukavujia hewani kwenye zile ncha, shiii.

“Umetuita kusikiliza nyoka?” muzee akauliza.

Binti yake akasema, “Toa mapambo.”

Nikatoa. Cheche ikaruka hadi kwenye mwavuli wa muzee. Akautupa, akacheka, akakubali.

Basi zima umeme, upapase kichwa cha koili yako, utaikuta ncha.

Hadi leo nikijipamba kwenda harusini, bibi yako hutega sikio, kisha husema, “Muzee, nasikia unavuja.”

Babu yako