Fomu Niliyomjazia Bi Mwanamisi

Dada Wakesho,

Kabla ya salamu, nakusihi barua hii uisome peke yako, na ukiondoa salamu, neno lolote lililomo lisimfikie mtu, hata mama. Ukimaliza, itie jikoni iungue.

Hujambo wewe na watoto? Mguu wa mama umepata nafuu? Mimi hapa Mtopanga ni mzima wa mwili, ila chakula hakinipiti.

Unamkumbuka Bi Mwanamisi wa Likoni, yule mkutubi mkongwe aliyenipokea hapa maktaba ya chuo kikuu nikiwa sijui hata kupanga vitabu kwenye rafu? Kazi yote nimefundishwa naye. Miezi michache iliyopita tuliletewa fomu ya kuuliza kila mfanyakazi anahitaji mafunzo gani, kwa kuwa maktaba ilikuwa inahamia mfumo mpya wa kompyuta. Fomu yenyewe ilijazwa kwenye kompyuta. Bi Mwanamisi akanivutia kiti.

"Nijazie, mwanangu, na uandike kweli. Hayo majarida ya mtandaoni siyajui, wala sioni haya kufundishwa."

Nikajaza kwamba anayajua yote.

Nilijiambia namkinga, maana ilisemekana wazee watakaokiri hawajui watastaafishwa mapema. Lakini wewe sikufichi. Nafasi za mafunzo zilikuwa mbili, na moja niliitaka mimi. Nikaipata. Nikaenda Nairobi wiki mbili, nikarudi na cheti.

Mfumo ulipoanza, wanafunzi walijaa mezani kwake, naye anabonyeza asichokijua. Mmoja akamwambia, "Bibi, nipishe nijitafutie mwenyewe," wenzake wakacheka. Mkubwa wetu akatuita, akamsomea fomu yake mbele yetu sote, akamuuliza mbona aliandika hahitaji mafunzo. Bi Mwanamisi akanitazama kidogo.

"Nilijikweza," akasema. "Mniwie radhi."

Sasa yuko stoo ya magazeti ya zamani, na meza yake nimepewa mimi. Jana tulikutana mlangoni, akaniuliza polepole, "Siku ile ya fomu ulikuwa umechoka, eti?" Nikajibu ndiyo. Hata uongo wa kusema alinitafutia yeye.

Ijumaa hii yanapelekwa majina ya watakaokwenda mafunzo ya pili. Nikisema nilichofanya, atarudishiwa meza yake papo hapo, kisha asomeshwe. Mimi sijui kama nitabaki na kazi, na dawa za mama unajua zinatoka wapi. Mara mbili nimefika kwa mkubwa, nikasingizia nimefuata wino wa printa.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie shemeji, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza, ila habari za cheti usimwambie.

Ukitaka kunipata, simu yangu usipige, kwani chumbani nalala na mwenzangu wa kazini, naye husikia yote. Subiri Jumatatu saa nne asubuhi, upige ile ya maktaba, iliyo kwenye meza ya Bi Mwanamisi. Akipokea yeye, mwamkie kwa heshima, kisha muulize niliko. Nikipokea mimi, jua sikusema.

Mdogo wako,
Mwakio