Nimejaza Mapazia Chumba cha Dirisha Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nitaumbuka mchana kweupe. Mimi ni kijana, kazi yangu kuziba pancha, shule niliacha mapema na kuongea na watu sikujaliwa, mteja akinisalimia namjibu huku naangalia tairi. Nimepanga chumba kimoja chenye dirisha moja linalotazama uani, na pazia langu lilikuwa shuka kuukuu lenye tundu, watoto wa wapangaji wanachungulia hapo halafu wanatangaziana "anakula tena huyo," basi nikasema ngoja na mimi nipendezeshe kwangu, niweke yale mapazia ya vibao vyembamba, unavuta kamba vinajifunga, unavuta tena vinafunguka.

Nikaenda dukani, kumbe muuzaji ni dada mmoja hivi, mshauri, anachomeka penseli kwenye nywele halafu anaitafuta mezani. Akaniuliza kipimo, mimi futi ya kupimia sina, dirisha nililipima kwa kipande cha mpira wa tairi, nikapiga fundo pale dirisha linapoishia, basi nikakitoa mfukoni nikampa. Akakilaza mezani, hakucheka, akasema, "Chukua la rangi ya krimu, kaka, chumba kitapata mwanga." Nikachukua krimu. Limezidi kidogo, linagota ukutani, lakini nikilala nikiliangalia namuona yeye.

Nikarudi tena, nilitaka kumsalimia tu, lakini akasema, "Karibu kaka, bado chumba gani?" na mimi nikasikia mdomo wangu unasema "sebule." Sina sebule, mshauri. Nikatoa mpira ule ule, akapima, nikaondoka na pazia la kijivu. Siku nyingine nikasema jikoni, akanichagulia la plastiki, eti mafuta yanafutika. Nyingine nikasema chumba cha wageni. Nyingine bafuni, akapima akasema, "Bafu lenu lina dirisha sawasawa na la sebule, mnaoga kwa nafasi," nikaitikia kwa kichwa. Na kila nikitaka kwenda nanawa kwanza kwa petroli grisi itoke, na yeye kila nikiingia anafungua mlango wa duka mpaka mwisho, nadhani anapenda hewa.

Sasa la kijivu lipo ukutani juu ya kitanda, la jikoni nimefunikia masufuria, la wageni liko mlangoni, nikitoka nainama kama mbuzi. Mama mwenye nyumba aliingia akavuta kamba ya lile la ukutani, akaona ukuta, akalifunga taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hapa unazuia jua la nani?"

Juzi nimeenda kuchukua la stoo, naingiza tu mkono mfukoni, akasema, "Usihangaike, mpira wako naujua," akaandika kipimo hivi hivi kutoka kichwani, ana akili sana yule dada. Halafu akasema, "Jumamosi tukifunga duka napita kwako mwenyewe, nikalione hilo kasri." Fundi wao alikuwa pembeni, akageukia ukutani mabega yanatikisika, nadhani ana mafua.

Mshauri, nimwambie nimehama? Kuna mteja wangu ana nyumba kubwa, nimefikiria kumwomba aniazime hata kwa saa moja tu. Au nipotee kabisa? Lakini nikimkosa huyu, sijui kama kuna mwingine nitaweza hata kumdanganya sebule.

Ni mimi, wananiita Kiraka.

JIBU

Kiraka mwanangu, pole, na nyanyua macho kutoka kwenye hilo tairi nikueleze.

Nyumba ya kuazima? Akikuambia uwashe taa utapapasa ukuta upi? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye masufuria. Acha hayo mawazo leo hii.

Wewe unajiona mwangalifu. Umeona penseli, umeona mabega ya fundi, lakini ulichokiona hujakielewa hata kimoja. Fundi hana mafua, anakucheka. Mlango unafunguliwa kwa sababu wewe unanuka kama lori, nawa kwa sabuni. Na dada mwenye kazi ya kupima madirisha ameletewa sebule, jikoni, bafu na stoo, vyote vina fundo moja, wewe unadhani hajui? Alijua tangu sebule! Nikimpata na yeye nitamsema, maana angeweza kukuhurumia mapema badala ya kukuuzia. Ila fikiri: anajua kwako kuna dirisha moja, na bado Jumamosi yake anaileta huko. Hajafuata dirisha.

Sasa sikiliza. Toa mapazia yote, bakiza la krimu. Dukani wakikubali kuyapokea, rudisha. Wakikataa, moja mpe mama mwenye nyumba, amekuvumilia sana. Mwombe Jumamosi akae hapo uani na mlango wako uwe wazi, mtoto wa watu asije kusemwa. Azima kiti. Kiti, Kiraka, siyo nyumba. Dada akifika, hata kabla hajakaa, mwambie: "Nina chumba kimoja na dirisha moja. Hayo mengine nilikuwa nakuja kukuona wewe." Ukiangalia chini wakati unasema, haidhuru, bora usikike.

Akikasirika, mwombe radhi na umsindikize hadi barabarani. Lakini akicheka, usikae kimya kama jiwe. Mwonyeshe hilo la krimu linavyogota ukutani, maana mpira unavutika, wewe wa kwanza ulitakiwa kujua! Mwombe alipime upya kwa futi yake, yeye ashike upande mmoja, wewe mwingine. Dirisha lenyewe dogo. Hamtakuwa mbali.