Mlango wa Ng'ombe Kwenye Ramani ya Igoma

Dada Kabula, shikamoo.

Ramani ya viwanja vya mtaa wetu wa Igoma imepitishwa kama ulivyoichora. Mwenyekiti wa mtaa ametangaza leo asubuhi mbele ya ofisi yake, nami nimekwenda idara ya ardhi kuhakikisha kabla sijakuandikia. Muhuri nimeuona. Ua wa mama umo.

Wasomaji wa gazeti hili ninaloliandikia hawakukujua, kwa hiyo nieleze. Ulikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya mtu binafsi mjini. Kompyuta ya mtumba ilipoletwa kutoka Nairobi, ulikabidhiwa wewe, kwa sababu wenzako waliogopa kuiharibu. Jioni nilipotoka kazini nilikupitia, nakukuta umekunja uso mbele ya kioo chake, mkono juu ya kipanya. Rula na kalamu za wino hukuzitupa, ila zilianza kushika vumbi.

Pamba ilikuwa imeruhusiwa kununuliwa na watu binafsi, na mnunuzi mmoja alitaka kujenga ghala Igoma. Ofisi yenu ikapewa kazi ya kuchora eneo lote. Kilichokuwa ndani ya umbo lililofungwa kingehesabiwa kiwanja cha mtu. Kilichobaki kingeandikwa eneo la wazi, na eneo la wazi lingekwenda kwa ghala.

Tulizunguka na kamba ya kupimia, tukifuata nyua zilizozungushiwa minyaa, ile mimea ya uzio, moja baada ya nyingine. Ulichora ulichokiona. Kila ua ulikuwa na uwazi wa kuingizia ng'ombe, na wewe, mtoto wa wafugaji, ukauacha uwazi huo kwenye mchoro. Ulipoiamuru kompyuta ijaze nyua kwa mistari ya mshazari na kutoa ukubwa wa kila mmoja, ilikataa. Ilisema mpaka haujafungika. Kwa mashine ile, mama hakuwa na kiwanja.

Mwenzako mmoja alikutania kwamba ulikuwa umewachorea ng'ombe, siyo serikali. Ulicheka, lakini hukufunga milango siku hiyo. Uliona ni utovu wa adabu kumzibia mtu ua wake bila kumwambia, hata kwenye mchoro, ukarudi Igoma kuwauliza wenyewe. Mzee Masanja, jirani yetu, hakupenda.

"Kabula, ukinifungia mlango, ng'ombe wangu wataingilia wapi?"

"Kwenye karatasi tu, babu. Ng'ombe hawasomi ramani."

"Na mimi je? Mimi nimesoma?"

Alicheka mwenyewe, ila hakukubali mpaka ulipomchorea ua wake mavumbini kwa kijiti. Ukaweka kidole kwenye uwazi ukamwambia kwamba ng'ombe wanapita hapa, na ghala nalo litapita hapa hapa. Akakichukua kijiti mkononi mwako, akaufunga mwenyewe.

Ofisini ulivuta mstari mahali pa kila mlango, ukaunganisha vipande mpaka kila mpaka ukawa mstari mmoja unaorudi ulipoanzia. Nyua zikajaa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba umbo la ghala, lililochorwa kwa vipimo vya mnunuzi, limepanda juu ya nyua kadhaa, wa mama ukiwemo. Mashine inaweza kukata umbo moja kwa kufuata jingine, na haijali ni lipi linalokatwa. Bosi wako alitaka zikatwe nyua, maana mnunuzi ndiye aliyekuwa mteja.

"Aliyetangulia hakatwi, bosi," ulimwambia. "Ukitaka akatwe, kata wewe." Ukainuka, ukampa kiti.

Hakukaa. Mwenzako aliyekuwepo amenithibitishia maneno hayo, na bosi wako hakuyakana nilipomuuliza. Ulikata ghala. Mnunuzi alinung'unika kwamba ukuta wake utapinda kama mto, lakini saini ya bosi ilikuwa imeshawekwa.

Ulifariki ramani ikiwa bado mezani kwa wakubwa. Tangu hapo nilikuwa nikiulizia kila nilipopita idarani, nikijibiwa nisubiri. Katika kazi yangu nimeandika habari za watu wengi waliokata utepe. Neno "najivunia" mhariri huwa analifuta, na mara nyingi namuunga mkono. Leo nimemwomba aliache. Najivunia wewe, dada, kwa mstari ule uliopinda.

Mama amekwenda kuiona ramani ubaoni. Alizungusha kidole kwenye ua wake pole pole, watu wakimsubiri nyuma, kisha akasema umeunyoosha kuliko yeye alivyoupanda. Mzee Masanja alimuuliza kama amefurahi. Akajibu kwamba leo atalala bila kuwaza ghala.

Pumzika, Kabula. Wapimaji wataanza kusimika mawe ya mipaka Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye kona ya kwetu, na wametaka minyaa ya hapo ipunguzwe kabla hawajafika. Nakwenda kesho na panga.

Mdogo wako